Choki ya Umeme kwenye Pikapu ya Mama

Mume wangu, Osward Lyamba, ana jino la mbele lenye mkato mdogo. Ni jino la kuchunia waya. Kwenye boksi lake kuna plaizi tatu, moja nilimnunulia mimi mwenyewe, lakini waya ukimfika mkononi lazima uende mdomoni. Nimesema mpaka nimechoka. Nimechoka pia kusema kuhusu rangi yangu ya kucha, maana anaichukua kuwekea alama nyaya: nyekundu kwa umeme unaopitia kwenye swichi, ya waridi kwa umeme unaotoka betri moja kwa moja. Jumapili mimi naenda kanisani na kucha tupu, magari ya watu Mpanda nzima yamepakwa.

Ni fundi umeme wa magari. Kibanda chake kiko Kashaulili, nyuma ya maduka ya spea za pikipiki. Alizaliwa Mpimbwe, kwa watu wa mpunga, na baba yake alitaka awe katekista. Akiwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yake ili afute vumbi la ndani, na redio haikusema tena. Anasema siku ile aliapa hatagusa kitu bila kukipima kwanza. Namwamini, kwa sababu hata chumvi ya mboga anaionja mara tatu. Mafundi wengine watakuambia, "Tujaribu hii." Osward atachukua taa yake ya kupimia, atainama, na wewe utasubiri.

Mama yangu, Nyanzala, si mtu wa kusubiri. Yeye na marehemu baba walihamia Katavi na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga, mimi nikiwa mgongoni. Baba aliendesha malori, mama akalima na kufanya biashara ya mchele. Nilipomleta Osward nyumbani, mama alimtazama mara moja tu, akaniambia, "Suzana, fundi ni mtu wa maneno. Utakula maneno?" Tukaoana hivyo hivyo. Miaka kumi na moja ikapita, tukamzaa Edgar, na mama hakuwahi kumpa Osward hata taa ya baiskeli aitazame. Gari lake likiharibika alikwenda kwa Shadrack, fundi wa karibu na stendi, mtu ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kipande cha mpira wa tairi na waya wa kufungia.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo mtadhani sisi wote ni wajinga. Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hawaulizani maswali ya ana kwa ana. Mama akiwa ndani ya gari, Osward hawezi kuingiza hata kichwa dirishani. Anasubiri ashuke, aende jikoni au nyuma ya nyumba, ndipo asogee. Osward si Msukuma, lakini desturi hii aliishika kwa nguvu kuliko shemeji zangu wote, kwa sababu alitaka mama asipate pa kumkamatia. Neno lolote kati yao linapita kwangu. Mimi ndiye simu yao, na simu hii haina pa kuchajiwa.

Sasa gari lenyewe. Baba alipofariki alimwachia mama pikapu ya Peugeot 504, nyeupe, kuukuu, ambayo mama anaiendesha mwenyewe kwenda Majimoto kuchukua mchele. Mwaka huu, mwezi wa sita, kabureta ilianza kuvuja petroli mpaka gari zima linanuka. Mjomba aliyeko Dar akatuma kabureta nyingine kwa basi, imefungwa kwenye kanga. Ilipofika, tukakuta si kama ile ya zamani. Ile ya zamani choki yake, ya kuwashia injini ikiwa baridi, unavuta kwa mkono, kifimbo kiko chini ya usukani. Hii mpya haina pa kuvuta. Ubavuni ina kikopo cheusi cha duara chenye kijiti kimoja cha kuchomekea waya. Ni choki ya umeme.

Shadrack aliiangalia akasema kikopo kitolewe, kifuniko cha hewa kifungwe kwa waya, basi. Hapo ndipo nilipopata nafasi. Nilimbembeleza mama wiki nzima, nikamwambia, "Mayu, huu ni umeme, na mimi nimeolewa na fundi umeme." Mwishowe akasema, "Haya. Afunge. Lakini Jumamosi nakwenda Majimoto, na gari lisipowaka Jumamosi nampa Shadrack akate hilo kopo, na mimi na fundi wako tumemalizana."

Osward nilipomwambia, aliweka chini alichoshika akanawa mikono. Nilimjua. Miaka kumi na moja alikuwa anangoja mama ampe kitu, chochote, akitengeneze mbele ya macho yake.

Jumanne alifanya kazi ile kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Nilimpelekea chakula akanieleza, maana akifurahi anaongea. "Ndani ya hiki kikopo kuna springi. Ikipata umeme inapata moto, ikipata moto inajikunjua, na kifuniko cha hewa kinafunguka. Asubuhi injini ni ya baridi, kifuniko kimefunga, petroli inakuwa nzito, gari linawaka. Dakika mbili tatu springi imeshapata moto, kifuniko wazi, gari linatembea kawaida." Akanionyesha waya aliouvuta. Hakuutoa kwenye koili, kwa sababu ukitoa pale unaiba nguvu ya cheche. Hakuutoa betri moja kwa moja, maana choki ingekula umeme gari likiwa limelala. Aliutoa kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukizungushwa tu. Akaweka fyuzi yake ya pembeni, akapima, volti kumi na mbili kamili. Akapaka rangi ya kucha. Nyekundu.

Kilikuwa kitu safi, wallahi. Mimi si fundi, lakini nyumba safi naijua nikiingia.

Jumatano saa moja asubuhi simu ikalia. "Gari la mumeo limelala," mama akasema. Lilikuwa lake siku zote, asubuhi ile likawa la mume wangu.

Tukaenda Majengo, Osward mbele na boksi lake, mimi nyuma na wasiwasi wangu. Mama alipotuona akashuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda jikoni. Mwezi wa saba ulikuwa unakaribia, baridi ya asubuhi inauma mpaka masikio. Osward akaingia, akafanya ishara ya msalaba haraka haraka kama afanyavyo Mkatoliki yeyote mwenye kazi nyingi, akazungusha ufunguo mpaka mwisho. Gari likawaka mara ya kwanza.

Akazima, akatoka, akafungua boneti. Akapima kila kitu. Hakuna kosa.

"Muulize mama anawashaje," akaniambia.

Nikaenda jikoni. "Mayu, anauliza unawashaje."

"Mwambie mimi nimeanza kuendesha yeye akichunga mbuzi. Nawasha kama gari linavyowashwa."

Nikarudi. "Anasema anawasha kawaida."

Alhamisi asubuhi likagoma tena. Vijana wa mtaani walilisukuma mpaka kwenye kona na halikuwaka. Mama akanipigia simu mbele ya watu, nasikia watu nyuma wanacheka. Tulipofika, mama akashuka, Osward akaingia, ishara ya msalaba, ufunguo, likawaka. Hapo hata mimi nilianza kutazama juu ya bati kama kuna mtu ametufunga. Osward akaamua springi ni legevu. Akalegeza skrubu za kikopo, akakizungusha kidogo, akakaza. Mchana mama akapita sokoni akitoa moshi mweusi nyuma, wauza nyanya wakafunika nyanya zao. Mama Agape, anayeuza dagaa, akaniita kutoka mbali, "Suzana! Nyie siku hizi mna treni?"

Sikucheka. Nilikwenda kibandani nikamkuta Osward amerudisha kikopo kwenye alama yake, sasa anabadilisha waya wa bodi, ule unaorudisha umeme. "Huo si ulikuwa mzima?" nikamuuliza.

"Ulikuwa mzima."

"Sasa unabadilisha nini?"

"Nabadilisha, Mama Edgar. Naomba uniache nibadilishe."

Miaka yote nimeishi na mtu huyu sijawahi kumwona akibadilisha kitu kizima. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia yeye, au mama, au mjomba na kabureta yake ya kwenye kanga. Nikamwambia kwa nini asimwendee mama amuulize mwenyewe, asimame pale dirishani amwone anavyowasha, yaishe. Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Unataka nimsimamie mama yako kichwani? Akiwa amekaa? Halafu aseme Wapimbwe hatuna adabu?" Nikamwambia adabu haiwashi gari. Akanijibu kwamba gari ni la mama yangu na desturi ni ya kwetu, sasa yeye amekosa wapi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa hivyo hivyo. Simu, kejeli, safari ya Majengo, mama jikoni, msalaba, ufunguo, linawaka. Shadrack naye alipita na pikipiki, akapunguza mwendo. "Fundi, bado unalibembeleza? Mimi mkasi ninao." Osward aliinama kwenye injini. Aliporudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani na kile kikopo cha choki mkononi, amekichomoa, anakiwekea betri ya pikipiki, anatazama springi inajikunjua, anaitoa, inapoa, inajikunja. Mara saba nilihesabu. Kila mara ilifanya kazi yake. "Ni nzima," akasema. "Sasa mimi ndiye mbovu." Iliniuma kumsikia. Mwanamume asiyekisia kitu, leo anakisia kwamba yeye ndiye tatizo.

Alfajiri ya Jumamosi akakirudisha mahali pake, akatuacha mama na mimi tujaribu. Nilikuwa niende na mama Majimoto kumsaidia kupima mchele. Saa kumi na mbili na nusu nikapanda, nikakaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Osward alibaki ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa jirani, ameangalia upande mwingine kwa heshima.

Mama akapanda. Akaweka kiti sawa. Akasema, "Tuombe."

Nikafumba macho. Mama ni mlokole, na sala yake ya safari naijua tangu utoto, nimelala ndani yake mara nyingi. Inaanza na shukrani, inakwenda kwa wajomba wa Shinyanga mmoja mmoja, kwa wajane, kwa madaraja ya njiani, kwa matairi yote manne na la akiba. Nilikuwa naitikia "amina" ndogo ndogo mahali pake. Kisha mama akasema, "Na Baba, utuepushe na mafundi wanaobahatisha, wanaogeuza mali ya mjane kuwa ya kujifunzia."

Macho yakafumbuka yenyewe. Kwa hasira. Katika maisha yangu yote sijawahi kufumbua macho kwenye sala ya mama, nilichapwa kwa hilo nikiwa na miaka sita. Nikamwangalia, amefumba, mikono miwili kwenye usukani, anaendelea. Nikaangalia mbele yake nisije nikasema neno baya. Taa ya oili ilikuwa inawaka. Nyekundu. Na ya chaji pembeni yake, nyekundu.

Ufunguo ulikuwa umeshazungushwa.

Niliangalia zile taa, na sala inaendelea, ameshafika kwa wagonjwa. Baba alikuwa dereva wa malori ya dizeli. Lori la dizeli asubuhi unafungua swichi, unasubiri plagi zipate moto, ndipo unapiga stata. Baba alisema huo muda usipotee bure, aombe. Ndivyo alivyomfundisha mama, na mama ndivyo alivyofanya kwenye Peugeot ya petroli miaka yote, na choki ya kuvuta kwa mkono haikujali. Lakini hii ya sasa ikipata umeme inapata moto, ikipata moto inafunguka. Wakati mama anaombea madaraja, springi ilikuwa imeshajikunjua. Mpaka afike "amina", kifuniko kilikuwa wazi kabisa na injini bado ni ya baridi kama maji ya mtungi.

"Amina," mama akasema, akapiga stata. Ikalia, ikalia, ikalia. Halikuwaka.

"Umeona?" akaniambia. "Nenda ukamwite Shadrack."

Nilishuka nikavuka barabara karibu nikimbie. Nilimweleza Osward kwa maneno kumi. Akanisikiliza, akaangalia chini. Kisha akasema polepole, "Anaombea na swichi." Akarudia. "Siku nne, Mama Edgar. Siku nne nafungua na kufunga, na waya wangu uko sawa."

"Ulikuwa sawa tangu Jumanne," nikamwambia. "Ngoja nikamwambie sasa hivi. Aombe kwanza, azungushe ufunguo baadaye. Ni hilo tu. Na ile sala aliyoisema leo nayo nitamrudishia."

Akanishika mkono. "Usimwambie."

"Kwa nini?"

"Utamwambia nini? Kwamba sala ndiyo inazuia gari? Kwamba marehemu alimfundisha vibaya? Yule ni mama. Ameomba hivyo na mumewe."

Nikamwambia mimi nimechoka kuwa mtu wa kubeba maneno yaliyochujwa. Nikamwambia mama amemtukana mbele za Mungu na ameniacha niitikie amina. Akasema, "Mwambie ashuke, nahitaji nusu saa."

Mama akashuka ananung'unika, akaenda jikoni. Osward akafungua boneti. Akautoa ule waya wake mzuri kwenye fyuzi ya swichi, akaupitisha kwenye rilei, kile kisanduku kidogo kinachoruhusu umeme kikiamriwa, na amri yake akaichukua kwenye oltaneta. Injini isipozunguka, choki haipati kitu. Mama aombe hata mpaka saa sita mchana. Waya aliuchuna kwa jino, na siku hiyo sikusema neno. Alipomaliza akafunga boneti bila kuwasha. Akarudi ng'ambo ya barabara.

"Mwambie mama nilikosea waya," akasema.

"Hukukosea."

"Mwambie hivyo hivyo."

Nikaenda jikoni. Nikasema, "Mayu, Baba Edgar anasema alikosea waya. Anaomba umsamehe, ameshausahihisha." Yalinitoka kama mwiba wa samaki. Mama aliyekuwa anapuliza moto akainuka, akanitazama usoni, akanitazama tena, kama mtu anayehesabu watoto. Akaenda kwenye gari, akapanda, akazungusha ufunguo, taa zikawaka nyekundu. "Tuombe," akasema, na akaanza upya kutoka Shinyanga. Mimi sikufumba. Nilikaa naangalia taa ile ya oili mpaka amina. Akapiga stata. Gari likashika mara ile ile, likatulia likanguruma.

Ng'ambo ya barabara niliona mabega ya Osward yakishuka.

Tulitoka mjini. Mama ndiye aliyeanza kuzungumza, macho yake barabarani. "Baba yako nimeishi naye miaka thelathini na moja. Aliangusha lori mara mbili. Aliuza ng'ombe wangu wa maziwa bila kuniuliza. Alikusahau wewe stendi ya Tabora, hujui hilo, ulikuwa mdogo. Neno 'nimekosea' sikulisikia hata siku moja. Mpaka tunamzika." Akabadilisha gia. "Nilidhani mtu anayejua magari ndivyo alivyo. Ndiyo maana nilikukatalia. Huyu wako kasema mwenyewe, kwa waya mmoja tu." Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba pawatila yake, trekta dogo la kulimia lililoko shambani Majimoto, haina taa tangu mwaka jana, na Osward aje aitazame, na akija atachinjiwa jogoo.

Ukweli ulikuwa hapa, mdomoni mwangu. Niliugeuza huku na huku njia nzima. Sikuutema.

Jioni nilimsimulia Osward yote, neno kwa neno, akiwa ananawa. Alikaa na mikono yake ikichuruzika maji, hafuti. Nilidhani atafurahi, au atalia. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Kwa hiyo gari lingewaka Jumatano," akasema, "asingeniona."

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Mpaka leo mama anamsifu sokoni, kwa Mama Agape na kwa yeyote anayesimama, kwamba mkwe wake ni mtu wa kukiri kosa. Mimi nasimama pembeni na kikapu, ulimi unaniwasha, namwitikia, ndiyo mayu.